Kampi Zote Nilizozijua

Jino langu la kwanza kung'olewa kwa koleo liling'olewa na mtu ambaye hakuwahi kusomea meno. Alikuwa muuguzi wa kampuni ya dhahabu kule Mongbwalu, mtu mfupi mwenye mikono minene, shati jeupe, peni mbili mfukoni. Nilikuwa na miaka saba au nane. Nasema saba au nane kwa sababu mama alihesabu miaka yetu kwa mavuno, na kuna mavuno yaliyokosekana. Shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho likafunga. Tulipanga mstari tangu umande haujakauka, mama amenishika sikio badala ya mkono, maana mkono niliweza kuuchomoa.

Nilipofika mbele nikafungua kinywa mwenyewe. Nilitaka yaishe. Muuguzi hakunitazama. Alivuta kitabu chake kikubwa, akalamba kidole, akafungua ukurasa.

"Kampi?"

Nikabaki na kinywa wazi.

"Nakuuliza weye. Kampi gani?"

"Kampi ya mulima," mama akajibu.

"Namba ya kazi ya baba yake?"

Mama akaitaja. Aliijua kama jina lake. Yule mtu akaandika polepole, akapuliza wino, ndipo akanigeukia. "Sasa fungua kinywa."

"Iko wazi tangu asubui," mama akasema, na mstari mzima ukacheka, hata mimi nikacheka na maumivu yangu, na koleo likaingia nikiwa bado nacheka.

Ninachokumbuka zaidi si jino. Nyuma yetu palikuwa na mwanamke wa mashamba ya kule Kilo, amebeba mtoto aliyeungua mguu kwa uji. Naye akaulizwa kampi. Akasema, "Siye hatuna kampi. Siye batu ba mashamba." Muuguzi akamwonyesha ukuta, akakae pale mpaka wa kampi waishe. Nilipotoka na pamba yangu yenye damu, alikuwa bado ukutani, anampepea mtoto mguu kwa kanga. Sijui kama walimwona siku ile. Kwa muda mrefu niliamini kampi ni kitu ambacho mtu anazaliwa nacho, kama pua, na asiye nacho anangoja.

Sasa nimezeeka, nashona viatu mbele ya nyumba yangu hapa Rwambuzi, na neno hilo limenifuata kama mbwa ambaye hukumwita. Shule niliachia darasa la nne, lakini kampi nimezisoma zote. Kampi ya mgodi nilikozaliwa ilikuwa nyumba za matofali zilizobebana migongo, mbili mbili, na king'ora cha asubuhi. Baba aliitaja kampi yake kama wengine wanavyotaja Ulaya. Kampi ya askari ilikuwa ile ambayo unapita upande wa pili wa barabara, macho chini, na ukiwa na kuku unamfunika. Kampi ya waimbaji wa kanisa ilikuwa wiki moja tu, tunalala kwenye sakafu ya shule, maharagwe asubuhi na jioni. Kule ndiko nilikomwona mke wangu. Aliimba sauti ya pili vizuri sana na alilala usingizi mahubiri yote, mdomo wazi. Nikasema moyoni, huyu atanifaa. Amenifaa, ingawa mpaka leo analala mahubiri.

Kisha vita, ambavyo sitavieleza. Walioviona wanavijua. Nataka kusema juu ya miaka iliyofuata, wakati bunduki zilikuwa zimenyamaza hapa mjini lakini kule milimani hazijasema kama zimeacha. Watu walijenga upya huku wakiacha mizigo imefungwa. Mimi mwenyewe nilipaka chokaa ukuta wa mbele tu. Wa nyuma niliuacha nione kwanza.

Miaka hiyo nilikuwa na mpangaji kwenye chumba cha mbele. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza ambaye mshahara wake ulikuwa umepotea njiani kutoka mji mkuu, akawa mtafsiri wa askari wa kigeni, wale wenye kofia za buluu. Sisi tuliendelea kumwita Mwalimu. Alikuwa na kitabu cha maneno kinene kama tofali, na Jumapili baada ya kanisa alikaa nami penye viatu vyangu akikifungua popote, kama mwingine anavyochambua mchele.

Ndipo shemeji yangu akaja. Ni mume wa dada yangu, mkulima wa Djugu, mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa pua. Dada alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, kwa ugonjwa, kitandani mwake, tulishukuru Mungu kwa hilo. Kijiji kilipochomwa, shemeji alitembea siku tatu na mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyekuwa na mimba kubwa. Mwana mwenyewe alikuwa ameenda Mongbwalu kuchimba dhahabu na hakuwa ametuma neno. Walifika kwangu na sufuria moja na jembe lisilo na mpini. Mpini waliuchoma kupikia njiani.

Nikamwambia akae. Nina vyumba. Akatikisa kichwa.

"Nilale kwako, nani atanipakulia? Muke wako?"

"Iko ubaya gani?"

"Shemeji, weye unajua. Dada yako angekuwa hai, ningelala hapa mpaka munichoke. Sasa niko nani kwenye hii nyumba?"

Nilijua. Kwetu mwanamume hakai kwa ndugu za mke wake kama mke hayupo tena. Anaonekana kama amekuja kudai kitu, au kama ameolewa yeye. Hata vita havikulegeza hilo. Mke wangu alimpa chakula akakila uani, akiwa amenipa mgongo kwa heshima, kisha akamchukua mkwe wake wakaenda kwenye kampi ya waliohama, kule kwenye malisho nje kidogo ya mji.

Watu wa misaada hawakupenda tuiite kampi. Walisema kwa Kifaransa "site", na wakatusahihisha kwa upole kila mara. Lakini askari wa kigeni walikuwa wamesimamisha kibao penye njia, kwa Kiingereza, na neno la mwisho lilikuwa lile lile, herufi nne. Basi sisi tukaendelea kusema kampi. Bashi nyeupe, yale maturubai ya misaada, safu kwa safu, bloki kwa bloki. Nilipofika mara ya kwanza kumtembelea, mtu mwenye daftari alinisimamisha. "Unatafuta mutu wa bloki gani?" Ulimi ulikwenda wenyewe mahali lilipokuwa lile jino.

Nilikwenda kila Jumapili asubuhi, nimebeba sombe, majani ya muhogo, na chumvi. Tulikaa mlangoni pa bashi yake tukitazama safu ya mbele yetu, ambayo nayo ilikuwa imekaa ikitutazama. Jumapili ya tatu au ya nne akaniuliza.

"Ile neno ya kibao. Mwalimu wako anaijua?"

"Kampi? Hata miye naijua."

"Hapana. Nasema anaijua kabisa, ndani yake. Muulize. Bazungu bakiita mahali kampi, bako na siku ngapi kwa kichwa? Mwezi moja? Mwaka?"

"Unataka kujua nini?"

"Nataka kujua kama batu bale banatungoja turudi, ao banangoja tuzoee."

Jioni ile nikampelekea Mwalimu swali. Aliifuta miwani, akafungua tofali lake. Mke wangu akaja na kiti chake, maana alipenda Mwalimu alivyosoma, sauti kama ya padri.

"Maana ya kwanza," akasema Mwalimu, "mahali askari banasimamisha mahema."

"Hiyo tunaijua," mke wangu akasema.

"Ya pili. Mahali batoto ba Ulaya banaenda wakati wa likizo. Banalala mu hema, banaota moto, banaimba."

"Banakimbia nini?"

"Hakuna. Banacheza. Baba zao banalipa."

Mke wangu akashika magoti. "Banalipa! Mutoto alale mu bashi?"

"Banalipa, Mama. Na anarudi na picha."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukingo wa ua kuuliza kuna nini, na ikabidi tumwambie, naye akacheka. Mwalimu akaendelea. Kampi ni pia watu wanaoshika upande mmoja wa ugomvi, kampi ya huyu, kampi ya yule, na hiyo hatukuhitaji kusomewa, redio ilikuwa inaisoma kila siku. Mwisho kabisa, chini ya ukurasa, kwa herufi zile zile ndogo, ilikuwa yetu: mahali pa watu waliotoka kwao.

"Na siku?" nikauliza. "Iko siku ngapi?"

Akapitisha kidole. "Inasema kwa muda."

"Muda gani?"

"Haisemi."

Nilichoka ghafla, kama mtu aliyepanda mlima na kukuta mlima mwingine. Mwalimu aliona, nafikiri, akataka kunipa kitu cha kupeleka. Akasema neno lenyewe ni la zamani mno, hata si la Waingereza. Waliliazima kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Waitalia, na Waitalia walilirithi kwa Waroma wa kale. Kwa hao lilikuwa uwanja tu. Mahali peupe penye majani, nje ya mji, ambapo vijana walikimbia na kurusha mikuki. Baadaye askari wakalala pale, jina likawafuata askari. Watu wa kaskazini wakalichukua wakalifanya vita vyenyewe, hakuna tena majani. Mtu wa kupigana pale uwanjani ndiye wakamwita kwa jina ambalo leo tunamwita shampio, yule bingwa wa mpira. Na kampanyi, ile ya wanasiasa wanaotuletea chumvi na fulana, nayo ni ukoo huo huo. Na champignon.

"Uyoga?" mke wangu akasema.

"Uyoga. Kitu cha shambani. Kuna hata wenye kusema shamba letu hili, la Kiswahili, lilitoka huko huko kwa Wafaransa. Wengine wanakataa."

Mimi nikakataa hapo hapo. Wachukue uyoga. Shamba lilikuwa letu.

Jumapili iliyofuata nilipeleka yote hayo kampini, nikijisikia kama mtu mwenye zawadi. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akachora chora vumbi kwa kijiti.

"Kwa muda," akasema.

"Ndivyo imeandikwa."

"Basi hata bo hawajui." Akacheka kwa pua. "Ile neno imetembea sana, Shemeji. Kila mwenyeji anaipatia kazi ingine."

Kisha akaniambia habari yake. Mkwe wake alikuwa amejifungua Alhamisi, mtoto mwanamke, mzima. Ndani ya bashi nilimwona, mdogo mno, amefungwa kitenge cha dada yangu. Nikampongeza. Kabla sijaondoka akaniomba chipukizi moja la ndizi, zile za nyuma ya nyumba yangu.

Nililing'oa kesho yake, nikamletea lenye mizizi mizuri. Sikumwuliza la nini. Hilo ndilo kosa langu, na nimelibeba. Mtu wa mjini angeuliza. Mimi niliona kawaida kabisa: nyumba ina ndizi nyuma, maji ya kuoshea vyombo yanakwenda kwenye ndizi, na mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishakauka na kuanguka, babu yake anakizika penye shina la ndizi. Hivyo mtoto anakuwa na kwao. Ukimwuliza mtu wa kwetu anatoka wapi, kweli kabisa unamwuliza kitovu chake kiko wapi. Shemeji alilipanda chipukizi nyuma ya bashi, akaliwekea maji ya kunawia, na kitovu akakifunga kwenye kipande cha kitambaa akakiweka mfukoni, akingoja jani la kwanza lifunguke ajue kwamba limeshika.

Jani lilifunguka. Mwenye malisho aliliona kabla ya shemeji.

Alikuwa mzee mwenye ng'ombe, watu wa ukoo wake wako hapa tangu zamani, na alikuwa ametoa malisho yale kwa wachungaji wa kanisa, kwa mdomo, kwa muda. Neno lile lile. Ng'ombe zake sasa walitembea mbali kutafuta majani. Alikuja na fimbo yake na prezida wa kampi, mtu ambaye waliohama walikuwa wamemchagua wenyewe, naye jasho lilikuwa linamtoka. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa Jumapili yangu.

"Muzee," prezida akamwambia shemeji, "lengalenga, mboga tu, unaweza kupanda. Maharagwe unaweza. Ndizi hapana."

"Ndizi moja?"

"Inazaa ingine."

Mwenye malisho hakupaza sauti. Alisimama akilitazama lile jani kama mtu anayetazama barua. "Nilitoa majani," akasema. "Sikutoa udongo. Leo iko moja. Wajukuu wangu watakuta ndizi kumi na mutu anasema, babu yangu alipanda."

"Sitaki udongo wako, Muzee."

"Naamini hautaki. Nani aliyezaliwa humu?"

Kila mmoja aliyekuwa pale alijua anauliza nini. Yule mzee naye kitovu chake kilikuwa mahali, chini ya ndizi fulani.

"Mujukuu wangu," shemeji akasema. "Mwanamuke."

"Umeshakizika?"

"Bado."

Mzee akapumua. Niliona kwamba alikuwa ameogopa kweli, na kwamba alichoka kama sisi. "Basi ung'oe mwenyewe," akasema. "Sipendi mutu mwingine akung'olee."

Shemeji aliling'oa kwa mikono miwili. Halikumshinda. Prezida akasema asante, mara mbili, akaondoka haraka kwenda bloki nyingine ambako watu walikuwa wanagombania maji.

Nikamwambia kitu ambacho nilidhani ni rahisi. Nyuma ya nyumba yangu kuna ndizi, shina zima, zina miaka. Twende tukazike leo leo. Mkwe wake, aliyekuwa ananyonyesha mlangoni, akadakia, "Papa, kubali. Zika popote. Mutoto ananyonya, anakua, iko nini tena?"

"Kwa nani?" shemeji akamwuliza. "Kwa bajomba ya bwana yako? Huyu mutoto ni wa kwangu. Akikua bamuulize, atasema kwao ni Rwambuzi, kwa mushona viatu?"

"Mushona viatu amekosa nini?" nikasema.

"Hajakosa. Ameshanipa ndizi yake." Akaliweka lile chipukizi miguuni pangu, taratibu. "Rudisha nyumbani, Shemeji. Bado bichi. Itashika."

Nilibishana naye siku nne, maana nilikwenda kila siku, kazi nikaiacha. Nilijua tayari anafikiri nini: kurudi Djugu na kile kitovu. Nilimwambia njia haijafunguka. Mwalimu naye nilimleta, akamweleza kile askari wa kigeni walichokuwa wanasemezana kwenye redio zao, kwamba hata magari yao yenye chuma yanaishia penye daraja. Shemeji alimsikiliza kwa heshima, akamwuliza kama kuna neno la Kiingereza kwa mtu anayerudi. Mwalimu akasema yapo, mengi. "Ni vizuri," shemeji akasema, na hakuuliza hata moja.

Nilimwambia juu ya dada. Kwamba aliponishika mkono mara ya mwisho, alisema umwangalie mume wangu, hajui kukasirika, atakufa kwa ukimya. Hilo lilimgusa.

"Shamba lake liko kule," akasema. "Zile ndizi alizipanda yeye. Nikizika chini yake, mutoto ana bibi."

"Na ukikutana na batu?"

"Nitasema naenda shambani."

"Batakuuliza shamba gani! Iko mahali bunduki inalala!"

"Nitabaonyesha."

Nilikasirika, nikamwita mkaidi, nikamwambia mtoto hajui hata kama ana kitovu. Mbele ya mkwe wake nilimwambia hayo. Mke wangu aliponisikia jioni alinyamaza na mimi siku mbili.

Siku aliyoondoka ilikuwa asubuhi ya kawaida, ukungu umeshuka mpaka kwenye bashi, watu wamepanga ndoo zao. Alikuwa amemleta mkwe na mtoto kwangu kwanza. Yeye mkwe angeweza kukaa kwetu bila shida, ni mke wa mtoto wa dada, mke wangu alikuwa amefurahi kumpata. Shemeji mwenyewe alikataa kuingia ndani. Alinywa chai amesimama uani. Jembe lilikuwa na mpini mpya, na mfuko wa shati wenye kitovu alikuwa ameushona kwa uzi wangu wa viatu, bila kuniomba.

Nikamsindikiza mpaka mwisho wa lami ya zamani, pale njia ya Djugu inapoanza kupanda. Miguu yangu haiwezi kilima. Kulikuwa na wanawake wanauza makaa, na pikipiki mbili zinangoja abiria ambao hawakuwepo. Dereva mmoja akamwita, "Muzee, unaenda mpaka wapi? Siye hatupiti kilima cha pili!" Shemeji akamwonyesha kwa mkono kwamba anatembea.

"Utarudi lini?" nikamwuliza.

"Nikimaliza."

"Kuzika ni dakika tano."

"Shamba lina magugu, Shemeji. Mwaka mzima."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akainama kidogo kama inavyopaswa mbele ya ndugu wa mke, ingawa ni mkubwa kwangu kwa miaka. Kisha akapanda. Alitembea upande wa kulia wa njia, hakuharakisha, jembe begani, na pale kilima cha kwanza kinapopinda aliwapisha watu wawili waliokuwa wanashuka na mihogo, akasalimiana nao, akapita. Mpaka leo hajarudi.